Kutu Katika Hewa ya Korongo

Noelene aliondoa jicho kwenye hadubini, akalipangusa, akalirudisha. Chembe zilikuwa pale pale: kumi na nne, za njano, zenye vijimiba. Kutu ya majani. Kwa miezi kumi na moja alikuwa akihesabu mbegu za kuvu zinazonaswa na mashine ya kunyonya hewa ya korongoni, na ya kutu hakuwahi kuiona hata moja. Mipera mwitu ya mwisho ya ukoo wao, huku kaskazini mwa Queensland, ilikuwa humo. Kutu ikishika machipukizi, mti hauvuki misimu miwili.

"Clem!" alifoka. "Umeingia na yale mabuti yako machafu?"

Mlinzi mwenzake wa msitu alichungulia mlangoni. "Mabuti yangu yanaoga kuliko mimi, dada. Soma utepe kwanza, ndipo unichinje."

Utepe wenye gundi huzunguka taratibu ndani ya mashine, kila saa na mstari wake. Chembe zote zilikuwa zimerundikana kwenye mstari mmoja, saa tatu asubuhi ya Alhamisi. Noelene alifungua daftari la wanaoingia. Siku hiyo lilikuwamo jina moja tu, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Nguo alibadilisha. Mabuti aliyasugua kwa spiriti. Lakini alikuwa ametoka kwa Shangazi Ivy, kumkatia matawi yaliyougua kutu uani, na kofia ikabaki kichwani. Kofia! Utepe ule hakuna mwingine anayeusoma; akiukwangua, nani atajua? Aliona aibu hata kuwaza hivyo. Akaandika kumi na nne, akapiga simu.

"Shangazi, kutu imeingia korongoni."

"Unasema nini wewe mtoto? Nani kaiingiza?"

"Mimi. Kwa kofia. Clem anakwenda kukagua machipukizi sasa hivi, pengine bado..."

"Miezi kumi na moja," Shangazi alisema, "umenikataza nisiguse miti ya mama yangu. Nimekuja mpaka getini na kikapu changu, ukanirudisha. Nikakutii. Nikasema, mtoto anajua kazi yake."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na wewe, nani alikukataza?"

Noelene alilivuta daftari, na kando ya jina lake akaandika: kofia.