Ulevi wa Bwana Hachinsoni

Asukile alikuwa anapangusa vumbi kwenye Landrova, nyuma ya klabu ya Wazungu pale Mbeya mjini, Bwana Hachinsoni alipotoka akiyumba. Ilikuwa mwaka 1954, msimu wa kuchuma pareto. Asukile, dereva wake, alikuwa amelelewa Kinyakyusa: mkubwa akikujia, humwachi abebe kitu. Akapiga goti kidogo, akanyoosha mikono yote miwili ampokee mzigo. Bwana hakuwa na mzigo. Hakuwa na begi wala koti wala bunduki, alikuwa na ulevi tu, akampa huohuo. Kisha akasimama wima, akafuta masharubu, akaingia garini. Asukile akasema ndaga, kama mtu anavyoshukuru kwao, akaanguka chini.

Tangu siku ile ikawa hivyo. Bwana akinywa, Asukile analewa, awe karibu awe mbali. Bwana aliuona utaratibu huu kuwa mzuri. Shambani kwake Uporoto alikuwapo wa kumvua buti, alikuwapo wa kumchemshia maji ya kuoga, sasa akapatikana na wa kumlewea. Asukile mwenyewe, masikini, alikuwa mzee wa kanisa la Moraviani na pombe hajawahi kuitia mdomoni. Mchungaji alimsikiliza mwanzo hadi mwisho, akamwamini kabisa, akasema tatizo ni kwamba waumini wananusa. Akamtenga na Meza ya Bwana.

Walizoea kulala ndani ya gari mpaka Asukile azinduke, ndipo warudi shamba. Jioni moja Bwana Hachinsoni akasema hapana, leo ana wageni, waondoke mapema kabla hajanywa. Wakaondoka. Njiani akatoa chupa mfukoni.

"Bwana, nakuomba, ngoja tufike," Asukile alisema.

Bwana akamwambia aangalie mbele. Walipofika Uyole chupa ilikuwa nusu, na Landrova ikaangusha nguzo ya simu. Hakuumia mtu. Lakini simu ya Tukuyu ilikatika, na mkubwa mmoja wa serikali alikuwa katikati ya maongezi, basi askari wakaja mbio kuliko wanavyokuja mtu akiuawa. Wakamnusa Asukile, wakamtia pingu. Bwana Hachinsoni akawapa mkono mmoja mmoja, akashika usukani, akaenda zake nyumbani, macho makavu.

Mke wa Asukile aliitwa Ikupa, na hakuwa mtu wa kukaa akilia. Alijifunga mtoto mgongoni, akaenda kwa wakili wa pale mjini, Mzungu mpole. Wakili akamwambia habari hiyo anaijua, hata klabuni inazungumzwa, maana siku hizi Hachinsoni anawashinda wote karata. Ila yeye ndiye wakili wa Hachinsoni, hawezi kusimama pande mbili. Akamfungulia mlango kwa heshima kubwa.

Ikupa akauza ng'ombe wao. Akapanda lori la mchele, wakapita Rujewa, vumbi likawajaa masikioni, akashuka Iringa. Wakili wa huko, Mhindi aitwaye Jivanji, alikuwa na ofisi juu ya duka la nguo. Alimsikiliza huku akimenya chungwa.

"Shahidi unaye?"

"Shahidi ni bwana mwenyewe."

"Atakubali kunywa mbele ya hakimu?"

"Huyo?" Ikupa alicheka kwa uchungu. "Lini umesikia amekataa?"

Na kweli hakukataa. Siku ya kesi Bwana alikuja mapema mahakamani Mbeya, amenyoa vizuri. Jivanji akaweka glasi na chupa ya wiski mezani, Asukile akasimama kizimbani, macho yametulia, mashavu yamemwisha kwa kukaa mahabusu. Bwana akanywa glasi ya kwanza. Asukile akashika ubao wa kizimba. Bwana akanywa ya pili. Asukile akaanza kutabasamu, akamwita hakimu shangazi. Karani akasogeza chupa ya wino isije ikamwagwa. Hakimu naye, Mzungu aliyejaa mafua, akaandika yote, akasema mahakama imeridhika: anywaye ni huyu, alewaye ni yule. Sasa wakili aseme anataka nini.

Kwenye mabenchi ya nyuma Ikupa akafunga macho. Jamani, alijua wameshinda.

Jivanji akaomba kitu kidogo. Bwana Hachinsoni aupokee ulevi wake papo hapo, maana uliondoka mkononi na mkononi unaweza kurudi. Asukile akainamishwa mbele ya bwana wake, mikono yake ikanyooshwa.

"Kwa mikono miwili!" Ikupa alipiga kelele kutoka nyuma. "Apokee kwa miwili, ndivyo ulivyopokelewa!"

Bwana Hachinsoni akatia mikono yote miwili mfukoni.

"Sikumwomba anipokee," alisema. "Alinyoosha mwenyewe."

Hakimu akauliza kama ipo sheria ya kumlazimisha mtu kupokea. Jivanji akafungua vitabu vyake kimoja baada ya kingine, mahakama ikamngoja, hakimu akipenga kamasi. Sheria hiyo haikuwapo. Basi hakimu akatoa hukumu. Alisema sheria ya barabara haiulizi nani kanywa, inauliza nani alishika usukani amelewa, na jambo hilo upande wa mshtakiwa umelithibitisha vizuri sana. Akamfunga Asukile miezi sita. Kwa kulewa mbele ya mahakama, na kwa neno lile shangazi, akaongeza mitatu. Akamshukuru Bwana Hachinsoni kwa kupoteza siku yake. Asukile alicheka kwa nguvu hukumu ikisomwa, ikabidi askari wawili wamshike makwapani wamtoe. Ikupa alitamani ardhi yote ya Mbeya ipasuke imle kila mtu mle ndani, kuanzia hakimu. Haikupasuka. Jivanji alimpa pole, akawahi lori la kurudi Iringa.

Siku ya kuwaona wafungwa ilikuwa Jumamosi alasiri tu. Ikupa alitembea kwa miguu kutoka Uyole na ndizi za kupika amezifunika kwa kitambaa, mtoto wao Tupokigwe mgongoni. Saa hizo klabuni ndiyo kwanza kumechangamka. Walimleta Asukile mpaka kwenye wavu wakimshikilia, anaimba wimbo wa Kizungu ambao hakuwahi kujifunza, shati limetoka nje. Walinzi walikwishamzoea, walimwekea hata kigoda. Akakaa, akamtazama Ikupa kwa muda, akamtazama na mtoto.

"Mama, wewe ni mke wa nani?" aliuliza kwa adabu.

Ikupa alitaka kumzaba kofi, wavu ukamzuia.

"Wa Asukile."

"Ah! Asukile namfahamu, mtu mzuri." Akainamisha kichwa, akafikiri, akakiinua tena. "Mwambie aache pombe."

Ikupa akasema atamwambia.