Masikio ya Astrid

Kwenye bariere, kizuizi cha barabara ya kutokea Kingi, askari alifungua kifurushi cha mwalimu Athanase, akachagua kiazi kimoja cha kuchemsha, kisha akaona heri avichukue vyote.

"Maître, unaenda wapi na chakula yangu?"

"Sake, mu formasio. Ya kufundisha batoto bilema."

"Sisi benye miguu mizuri hatukusoma, sasa banasomesha bilema!" Akacheka, mdomo umejaa, akateremsha kamba.

Athanase akapita. Tumbo lilibaki tupu, lakini swali alilolibeba halikuguswa.

Swali lilikuwa Astrid, mtoto kiziwi wa darasa lake. Katika formasio ya kwanza, mafunzo ya walimu, waliambiwa: asiyesikia akae mbele, aone midomo ya mwalimu. Athanase akamkalisha mbele kabisa, mbali na mlango, na mtoto akaanza kujifunza kuandika jina lake. Juma lililopita risasi zikalia mlimani. Mwalimu alikuwa nyuma akisahihisha vibao. Darasa zima likamwagika nje, naye pamoja nalo. Waliporudi, Astrid alikuwa peke yake kati ya madawati, ameinama, anaandika.

Tangu siku ile mama yake, Adelaïde, alimweka nyumbani. "Lete jibu," alimwambia Athanase, "na mutoto atarudi."

Huko Sake, katika ukumbi wa parokia, Madame Agathe kutoka Goma aliwafundisha alama za mikono: kitabu, maji, asante. Walimu waliziiga kwa vidole vilivyozoea jembe, wakachekana. Athanase akasimama.

"Madame, alama ya risasi njo gani?"

Kicheko kikakatika. Agathe akafunua kitabu chake cha picha, akarudi nyuma, akafunua tena.

"Haiko, Maître. Benye kukitengeneza habaishi huku."

"Na muntu wa kumuvuta mutoto inje, risasi ikilia?"

"Niliomba benye kulipa formasio batupe musaidizi kwa kila shule. Banasema feza ni ya formasio tu." Macho yake yalikuwa yamechoka. "Unisamehe."

Jioni Athanase alimkuta Adelaïde mlangoni pa nyumba yake, anachambua maharage kwenye ungo.

"Jibu?"

"Hakuna, Mama. Nitamukalisha karibu na mulango. Nitamushika mukono mimi mwenyewe."

"Siku ile ulikimbia."

"Nilikimbia."

Adelaïde akarudia maharage yake. Astrid alitoka ndani na kibao chake, akamwonyesha mwalimu. Chaki ya siku ile ilikuwa bado inaonekana: ASTRI. Hakuna aliyethubutu kuifuta.

Asubuhi walikuja wawili, mtoto na mama mwenye ungo wake. Mama akaketi kwenye kizingiti cha darasa, mtoto akakaa dawati la kando yake. Mkuu wa shule, Kataliko, akafika mbio.

"Mama, hapa si soko!"

"Basi ukae wewe, Papa, umusikilizie mutoto."

Kataliko akautazama mlima, akautazama ungo, akaenda zake.

Somo likaanza. Kila mara Astrid aligeuka kutazama mikono ya mama yake. Ikiwa inachambua, alirudi kwenye kibao.

Mara mikono ikasimama juu ya maharage. Darasa zima likageukia mlango. Athanase alikwisha kumshika Astrid mkono.

Adelaïde alisikiliza kwa muda mrefu.

"Ni kamyo," akasema, injini ya lori ikisikika kwa mbali. "Inapanda tu."

Mikono ikaendelea. Athanase akauachia mkono mdogo, na Astrid akaandika D.