Darubini Mbili na Shikamoo Moja

Mwinjuma aliniamkia shikamoo, na hapo ndipo nilipoanza kumtilia shaka.

Mwinjuma ni Mzaramo wa Temeke. Mimi ni Mnyamwezi niliyezeekea Buguruni. Sisi ni watani, na tangu tujuane kwenye klabu yetu ya shabaha, huko ndani ukishaipita Tegeta, hajawahi kunisalimu kama watu wanavyosalimiana. Huniita mpagazi. Huniuliza mzigo wa leo ni wa nani na nimeutua wapi. Nami humuuliza kauza kiwanja gani tena ili acheze ngoma. Niliposhikwa na homa mwaka jana alikuja kitandani kwangu kujaribu viatu vyangu kama vitamtosha.

Jumamosi ile aliponiona alisimama.

"Shikamoo, mzee Maganga."

Niligeuka kuangalia kama nyuma yangu kuna Maganga mwingine.

"We Mzaramo, unaumwa?"

"Mie mzima, alhamdulillahi. Nyumbani hawajambo wote?"

Binti yangu Naima alikuwa amenifungia vitumbua. Siku zote Mwinjuma hupokonya kifurushi kabla sijakaa, akala huku akiwasimanga Wanyamwezi wote kwa uchoyo. Siku hiyo nilimkaribisha mwenyewe. Akaweka mkono kifuani, akasema ameshiba. Mzaramo akatae kitumbua! Nikakifunga kifurushi, na moyoni nikasema huyu mtu ana jambo.

Na jambo lenyewe nilidhani nalijua. Klabu ilikuwa na nafasi moja ya mzee kwenda mashindano ya Arusha. Tuliobaki ni sisi wawili, na tungeshindana asubuhi ile. Mimi nilikwisha kuutangazia mtaa mzima kwamba nakwenda. Hata begi nilikuwa nimeazima.

Flaviana, msimamizi wa uwanja, alituwekea mezani darubini mbili mpya za bunduki.

"Wazee wangu, kila mmoja achague yake. Mkubwa anaanza. Risasi tano, mita mia sita, kibao cha chuma. Ukishaifunga darubini huruhusiwi kugusa vifundo vyake vya kurekebishia shabaha. Utalenga kwa alama zilizo ndani ya kioo, basi."

Risasi ikienda mbali hushuka. Kwa hiyo ndani ya darubini kuna msalaba, na chini ya msalaba kuna vijistari vya kulengea: umbali huu tumia kijistari hiki, umbali ule kile. Wote tulikuwa na jedwali moja la kufuata. Hesabu hizo nilijifunza ukubwani, darasa la jioni, nikitoka kazini, na sipendi mtu anifundishe tena.

Niliichukua darubini ya kwanza nikalitazama tangi la maji lililokuwa mbali kule. Nilipozungusha pete ya kukuza, tangi likakua, na mistari nayo ikakua, ikanenepa. Nikairudisha, ikakonda. Sikuipenda. Ya pili nilipoikuza, tangi lilikua lakini mistari ilitulia palepale, myembamba, safi. Nikasema hiki ndicho chombo. Kitu kinachobadilika sura kila ukikigusa, utakiaminije?

"Mzee mwenzangu," Mwinjuma akasema taratibu, "ningekuwa wewe ningechukua hiyo ya kwanza. Hiyo nyingine jua likipanda itakusumbua."

"Na wewe utachukua ipi?"

"Mie itakayobaki itanitosha."

Umesikia hayo? Mtu anayegombea nafasi moja na wewe, anakuchagulia kilicho chema, tena kwa sauti ya msikitini! Angesema, "Chukua hiyo, mpagazi, ufe nayo," pengine ningemsikiliza. Nikaichukua ya pili. Aliinamisha kichwa kama aliyepewa habari ya msiba, na mimi nikafurahi.

Nilianza kupiga mimi. Jua lilikuwa limeshapanda, na nilipoikuza darubini hadi mwisho, hewa juu ya majani ilitetemeka kama mvuke wa chungu, kibao kikawa kinacheza. Nikapunguza ukuzaji nusu, kikatulia. Nikalenga kwa kijistari kilekile cha jedwali, nikavuta pumzi, nikapiga. Vumbi likaruka kwenye tuta la udongo lililo nyuma, juu kabisa ya kibao. La pili, juu. La tatu na la nne, juu. Risasi ya tano niliilenga kwa hasira chini ya kibao, na chuma kikalia.

"Moja," Flaviana akasema. "Mzee, ulipunguza ukuzaji?"

"Nilipunguza. Hewa ilikuwa inacheza."

"Hiyo alama zake ni za kweli ikiwa imekuzwa hadi mwisho tu. Ukipunguza, mistari inabaki vilevile lakini shabaha inasinyaa, kwa hiyo alama zinadanganya. Ile ya kwanza mistari inakua na kupungua pamoja na shabaha. Popote utakapoiweka pete, ni sahihi."

Kumbe Mwinjuma alinishauri vizuri. Lakini kwa nini?

Akalala chini, akapiga. Vumbi kushoto kwa kibao. Nikashusha pumzi. La pili, kushoto. La tatu, kushoto tena. Nilikuwa nimeanza kuifikiria Arusha, ndipo nikatazama vizuri kwa darubini ya mwangalizi, ile ya kuonea risasi zinapotua. Zile risasi tatu zilikuwa zimechimba tundu moja kwenye tuta. Ungeweza kulifunika kwa kisahani cha chai. Mtu anayekosa hakosi hivyo.

"Simamisha!" nikamwambia Flaviana. Nikamwendea Mwinjuma pale alipolala. "We Mwinjuma, unakosa makusudi. Nani kakutuma?"

Akaiweka bunduki chini, akakaa kitako, hakunitazama usoni.

"Hakuna aliyenituma, mzee wangu. Ni Farhan."

"Mwanao? Farhan kafanya nini?"

"Yeye na Naima wamekubaliana. Washenga wanakuja kwako baada ya mashindano haya. Sasa mie nitakushindaje leo, halafu kesho nikubishie hodi nikuombe binti? Mtu hamfanyi mkwewe hivyo."

Nikatazama kifurushi cha vitumbua pale kwenye benchi. Naima hakuniambia neno.

Nafasi ilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa na moja, yeye hana kitu, na angekosa zile mbili zilizobaki kwa furaha. Ningepanda basi na begi la kuazima, na ningefika Arusha nimebebwa na mahari ya binti yangu.

"Lala chini," nikamwambia. "Piga hizo mbili kama unavyojua kupiga. Ukikosa hata moja, washenga wako wasinikanyagie mlango."

"Mzee, ukinilazimisha..."

"Lala!"

Akalala. Akalenga muda mrefu, nikadhani amesinzia. Chuma kikalia. Akafungua bunduki, akafunga, chuma kikalia tena.

Flaviana akaandika jina la Mwinjuma. Mimi nikaenda kuiondoa darubini yangu kwenye bunduki, maana mikono ilihitaji kazi.