Misawabi Ilivyoupisha Mgodi

Ting. Msumari mrefu wa chuma uligonga kokoto, na mara sauti ya Twila Dave ikafuata: "Jiwe tupu." Ting nyingine. "Jiwe tupu." Kamba ya kupimia, mita hamsini, ilikuwa imenyooshwa bondeni, na kila nusu mita Twila aliuachia msumari udondoke, akataja ulichogusa. Wade, kiongozi wa kazi aliyeletwa na kampuni ya mgodi, aliandika.

Siku hiyo ya kwanza msumari uligusa mimea ya asili mara kumi na tisa kati ya mia. Masharti ya kibali yaliitaka kampuni, ikishamaliza kuchimba, irudishe mimea kiasi kile kile ilichokikuta. Wade alifurahi.

"Kumi na tisa kitu gani? Tutaipanda kwa mkono mmoja."

Twila alikuwa Mpaiute, mmoja wa wenyeji wa asili wa Marekani, wa kijiji kilicho chini ya bonde hilohilo. Kwao mtu hagusi mmea kabla ya kuuambia jina lake na haja yake, ila siku ya kwanza Wade alikuwa na haraka, hakumpa nafasi. Asubuhi ya pili Twila alitangulia peke yake, akapiga magoti mbele ya msawabi, kile kichaka cha kijivu ambacho bibi yake hufukizia nyumba, akamwaga chembe za tumbaku kama sadaka. Kuudanganya mmea ni aibu, basi akauambia kweli.

"Mimi Twila, mjukuu wa Orlena. Tunawahesabu kabla ya mgodi. Atakayeguswa na msumari ataandikwa, na aliyeandikwa lazima arudishwe."

Yeye na Wade walipomaliza kahawa, misawabi ilikuwa imejipanga chini ya kamba tangu mita ya kwanza hadi ya hamsini, mizizi bado ina udongo mbichi.

"Msawabi," alitaja Twila. "Msawabi. Msawabi."

"Hapa jana palikuwa peupe," alisema Wade.

"Jana hawakuwa na habari, bosi."

Wade alihamisha kamba mara tatu. Mara tatu misawabi iliifuata kwa mwendo wa ng'ombe aliyeshiba, pamoja na nyasi za vishungi na yapa, ile mizizi mitamu ambayo wazee hawakuwa wameiona bondeni tangu utoto wao. Mwongozo wa kazi ulisema mmea uhesabiwe pale unapoguswa, haukuuliza ulikotoka. Wade akaandika mia kwa mia, akatia saini. Twila alishuka nyumbani akitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Jibu la kampuni lilikuja baada ya wiki mbili, ukurasa mmoja. Lilisifu usahihi wa vipimo. Kisha likasema kwamba, kwa kuwa mimea ya bonde imethibitika kuhama yenyewe, hakuna mmea utakaoharibiwa, hivyo hapatakuwa na cha kurudisha. Mimea ipewe notisi ya siku kumi iondoke. Wade aliisoma notisi kwa kipaza sauti, amesimama juu ya gari.

Siku ya kumi misawabi ikashuka kijijini. Ilijaa nyuani, ikaziba njia ya duka, ikasimama kwenye uwanja wa mpira wa kikapu hadi vijana wakahamia barabarani. Mashine ziliingia bondeni saa mbili asubuhi, kama ilivyopangwa.

Twila alimkuta Bibi Orlena akikaanga mikate. Msawabi mkubwa ulisimama mlangoni pake, naye alikwisha kuupa maji.

"Huyu anasema wewe ndiye uliyempa neno."

"Ni mimi, bibi."

"Mdomo mwepesi kama wa babu yako. Ila yeye miguu yake nayo ilikuwa myepesi."

"Mimi sikimbii."

"Unaniambia mimi ya nini? Mwenye kudai huyo hapo."

Twila akatoka, akasimama mbele ya msawabi, kifua mbele.

"Nilisema mtarudishwa, na mtarudi," aliuambia. "Siku wachimbaji watakayoondoka kule bondeni, hata nikiwa na mkongojo, nitatangulia mbele yenu niwaonyeshe njia. Na asiyeweza kutembea, nitambeba."