Ushuhuda wa Mama Heshima

Kama kuna siku Heshima alitaka kumfokea mama yake mpaka majirani wa Husby, mtaa wa mama pembeni mwa Stockholm, wafungue milango, ni ile Jumatatu. Alikuwa amefura tangu asubuhi. Gari alikuwa ameliacha nyumbani kwa wiki ya tatu sasa, maana taa za magari zilimchoma macho. Akashusha kofia mpaka kwenye nyusi, akapanda treni, akapitiliza kituo anachokijua tangu ana miaka sita, akajikuta Akalla, mwisho wa njia. Akailaumu hasira. Akarudi kwa miguu huku akitukana kimoyomoyo, kwa Kiswidi na kwa Kiswahili.

Kisa chenyewe kilitokea kanisani. Jumapili mama yake, Orpha, mwanamke wa Uvira, kule Kongo, asiyejua kumshukuru Mungu kwa sauti ya chini, alisimama mbele ya waumini akatoa ushuhuda. Mwanawe, mcheza hoki ya barafuni wa timu kubwa hapa Stockholm, aligongwa kichwa uwanjani. Akatapika. Akalala siku tatu mapazia yamefungwa, hata mwanga wa simu haukumfaa. Yeye mama akafunga, akampaka mafuta, akakesha juu yake, na sasa mtoto amepona, anacheza! Kanisa zima likapiga vigelegele. Na kwa kuwa watoto wa kanisa lile siku hizi Kiswahili kinawapiga chenga, binti mmoja, Shalom, alikuwa pembeni na kipaza sauti akitafsiri kila neno kwa Kiswidi. Na ibada, jamani, inarushwa moja kwa moja mtandaoni. Kufika jioni mashabiki wa timu walikuwa wanatumiana ile video.

Asubuhi Håkan akapiga simu. Huyu ndiye mkurugenzi wa michezo wa klabu, bwana wa kutabasamu sana. "Njoo ofisini saa nane mchana," alisema. "Njoo na mama yako."

Mkataba wa Heshima ulikuwa unaisha mwezi uleule. Ameahidiwa mwingine wa miaka miwili, lakini Jumamosi kulikuwa na mechi kubwa ambayo lazima aicheze, na mchezaji mwenye kichwa kibovu hapewi kalamu asaini.

"Mama, nani alikutuma?" akauliza kabla hata hajavua viatu.

"Karibu, mwanangu. Umekula?"

"Nimekuuliza nani alikutuma ukatangaze mambo ya kichwa changu!"

Orpha akaweka sufuria chini. "Heshima, sauti hiyo usinipandishie. Uliniambia mwenyewe, ukiwa umekaa kwenye kiti hicho: Mama, nimepona. Mungu akiponya mtu ninyamaze? Nimwibie sifa zake?"

Alikuwa ameyasema kweli maneno hayo, ili mama aache kufunga maana alikuwa amedhoofika. Akasahau kwamba katika kanisa lao uponyaji hauwekwi mfukoni. Lakini kulijua hilo hakukumpunguzia hasira hata kidogo, kukamwongezea. Kwenye treni ya kwenda mjini akakaa kiti cha mbali na mama yake. Mama naye, kitenge chake kizuri chini ya koti la baridi, alitazama dirishani.

Mtu aelewe kilichokuwa kinamchoma. Heshima alijifunza kuteleza kwenye uwanja ambao mama yake alikuwa anausafisha, kwa viatu vya kuazima vilivyomzidi namba mbili. Akaenda kuchezea Södertälje, mji wa jirani, akafunga mabao mpaka timu za Stockholm zikaanza kumpigia simu. Alinunuliwa kama fowadi, mfungaji. Msimu wa kwanza akatia mabao ishirini na moja. Halafu kocha mpya akaja, akampima kwa macho kuanzia mabegani hadi miguuni, akasema: mwili unao, wenzako watafunga, wewe kazi yako kugonga watu. Fowadi gani huyo, wa kugonga watu? Miaka mitano! Na yeye akakubali, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba alikubali huku anacheka. Ubongo ulikuwa umetikisika mara tatu. Mara zote daktari wa timu alimmulika macho na kitochi kwa nusu dakika, akamuuliza yuko sawa, naye akajibu yuko sawa.

Ofisini walikuta kahawa na keki za mdalasini. Håkan alimshika Orpha mkono kwa mikono yake miwili. Daktari wa timu alikuwa amekaa kwenye kona na simu yake. Heshima akasubiri kuambiwa aende akatoe vitu vyake kabatini.

"Tulia, hakuna aliyekukasirikia," Håkan akasema. "Ni jambo dogo. Mama yako atarekodi maneno mafupi kwa simu. Aseme alikosea. Kwamba hukuumia kichwa, ilikuwa shingo, na yeye hakuelewa. Kiswidi chake si kizuri, watu wataelewa." Akasukuma karatasi mbili mezani, maneno ya kusema na mkataba. "Halafu Jumamosi unacheza."

Heshima akamtazama daktari. "Na kichwa changu?"

"Ulisema uko sawa," daktari akajibu bila kuinua uso.

"Tusidanganyane," Håkan akasema, bado anatabasamu. "Tulijua tangu siku ileile uliyogongwa. Nani hakukuona ukienda kukaa kwenye benchi la wapinzani? Ulitaka kucheza, tukakuacha ucheze."

Kumbe! Alikuwa anawaficha watu waliokuwa wanajua. Damu ikampanda mpaka masikioni. Lakini mkataba ulikuwa pale mezani, una jina lake.

"Wanasemaje?" Orpha akauliza.

Akamtafsiria yote, bila kumtazama usoni. Mwanamke huyu walipofika nchi hii aliulizwa mara nne, mbele ya maafisa tofauti, jinsi alivyokimbia Uvira, na mara nne alijibu maneno yaleyale, hakuongeza wala hakupunguza. Hajawahi kukana neno aliloapa kwa Mungu.

"Wewe unataka hivyo?" akauliza.

Heshima akaitikia kwa kichwa.

"Haya." Akakaa vizuri, akarekebisha kilemba. "Nipe hayo maneno niyaseme. Mimi na Mungu tutaelewana baadaye."

Daktari akainua simu. Orpha akaanza kwa Kiswidi chake, polepole: anaitwa Orpha, ni mama wa Heshima. Mtoto hakuumia kichwa. "Mimi kanisani nilisema uongo..." Hapo akaishia, akaitazama tena karatasi, akaanza upya. Mikono ilikuwa imeukumbatia mkoba wenye Biblia mapajani, mikono ileile iliyompaka mafuta.

Heshima akaipiga ile simu ikaanguka chini ya meza.

"Inatosha! Mnamfanya mama yangu mwongo? Mama yangu?" Akasimama, kiti kikapinduka. "Nirekodini mimi. Nitasema yote, mlijua nini na lini. Na Jumamosi tafuteni mwingine wa kuwagongea hao... hao wa..."

Jina halikuja. Timu ya wapinzani wa Jumamosi, aliyocheza dhidi yake maisha yake yote. Alikuwa anaona rangi ya jezi, anaona sura ya kipa wao. Akafumba macho, akajaribu tena. Hakuna.

Hata Håkan aliacha kutabasamu.

"Hao wa nani?" Orpha akauliza taratibu, kwa Kiswahili. Kisha akaelewa. Akamtazama mwanawe, kwanza macho, halafu ile kofia iliyoshushwa kwenye nyusi ndani ya nyumba. "Uliniambia umepona."

"Nilikudanganya, Mama."

"Ukaniacha nimshukuru Mungu kwa uongo." Alisema bila kupaza sauti, na Heshima, aliyegongwa na mabeki wa nchi nzima, akainamisha kichwa. "Wewe tutaongea nyumbani. Utasikia."

Akasimama. Akachukua ile karatasi ya maneno aliyopewa ayaseme, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye mkoba pamoja na Biblia. Mkataba hakuugusa.

"Waambie hawa," akasema akifunga vifungo vya koti, "Jumapili nasimama tena. Nitaomba radhi kwa kanisa, niseme mwanangu hajapona. Halafu nitawasomea karatasi hii, na niseme nani alinipa." Akamshika mwanawe mkono, kwa nguvu, kama wanavuka barabara. "Na Shalom nitamwambia atafsiri polepole."