Nani Atakula Firigisi?

Mwanamume asiyekula nyama nilimwona kwa mara ya kwanza kwenye meza yangu mwenyewe, na nilidhani hana hela.

Mimi nauza nyama choma Kabalagala. Mbuzi, ng'ombe, na wikendi nguruwe, maana ukija Kampala kufanya biashara ya nyama ukamdharau nguruwe, utafunga virago mapema urudi Kenya. Basi siku hiyo kijana mmoja mrefu akaja, akakaa karibu kabisa na jiko, moshi unamwingia machoni, akaagiza chipsi na kachumbari. Nikamhurumia. Nikamwekea mbavu mbili za mbuzi juu, za bure, mimi Nafuna ambaye hata mchungaji wangu humlipisha. Akazisogeza pembeni kwa uma, taratibu, akala chipsi zake, akashukuru, akaenda. Nikasema moyoni, huyu ana wazimu wa kimyakimya.

Kesho yake akarudi. Nilidhani amezikumbuka mbavu. Kumbe alikuwa amemfuata Vera, binti yangu.

Jina lake Ojera. Mwacholi, askari magereza kule Luzira, mama yake mwanajeshi mstaafu anayekaa Mbuya. Ana kazi ya serikali, hanywi, hapayuki, na meno yote yako mahali pake. Binti yangu alikuwa amewahi kuniletea mtu anayejiita mshauri wa maisha, kwa hiyo huyu nilikuwa tayari kumkabidhi Vera siku hiyohiyo pamoja na godoro. Ila hali nyama.

"Ni dini?" nikamuuliza. Maana kama mtu ni Msabato na ameamua kujitesa, naelewa. Mwislamu akimkataa nguruwe, naelewa. Waganda nao kila mtu ana muziro wake, mnyama wa ukoo ambaye hamgusi hata umlipe. Jirani yangu wa ukoo wa senene hukaa anatazama mji mzima ukitafuna senene, na hakuna anayemuuliza kitu. Hata mtu akiniambia ana gauti, naelewa.

"Si dini, Mama. Niliacha tu."

"Uliacha tu?"

"Siku moja niliangalia sahani nikaona sitaki tena."

Jamani! Watu huacha pombe. Watu huacha wake zao. Nyama unaiacha vipi, imekukosea nini?

"Basi kuku," nikamwambia.

"Kuku ni nyama, Mama."

"Kuku ni kuku! Samaki je?"

"Hata samaki."

"Senene? Senene hana hata damu."

"Ana macho," akasema.

Vera alikuwa amejifunika uso kwa trei, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiria vile wateja watakavyosema: Nafuna anachoma nyama miaka yote hii, mkwe wake anakula majani. Wafungwa huko Luzira wanaota minofu, na askari wao akipewa anaisukuma na uma!

Lakini hilo ningelimeza. Tatizo kubwa lilikuwa shemeji yangu Wangila.

Mume wangu alifariki Vera akiwa bado wa kubebwa. Tangu hapo kodi ya nyumba nalipa mimi, ada nimelipa mimi, mkaa naubeba mimi. Lakini likija suala la kumwoza Vera, mwenye kusema ndiyo ni Wangila, kaka mkubwa wa marehemu, anayekaa Kimilili na hajawahi kumnunulia huyu mtoto hata soksi. Ndivyo tulivyo. Na katika ukoo wao, mkwe akija mara ya kwanza huchinjiwa jogoo, na firigisi huwekwa juu kabisa ya sahani, mbele yake. Akiila, amekubali nyumba na nyumba imemkubali. Asipoila, ameitema nyumba, na baba mkubwa anachukua kofia yake na kwenda zake. Bila Wangila hakuna harusi, na Vera alikuwa ameshapima gauni.

Tukakaa jikoni, mimi na hao wapenzi wawili, kutafuta njia.

"Tuseme ana gauti," Vera akasema.

"Sina gauti," Ojera akasema.

"Basi itie tu mdomoni," nikamwambia. "Ukohoe, uiteme kwenye leso, leso mfukoni, kwisha. Nimeona wachungaji wakifanya hivyo na chai yangu."

Akanitazama kwa heshima kabisa. "Mama, siwezi kumdanganya mzee mezani."

Nilitamani kumchapa na mwiko. Ukipata mkwe mwongo unalia, ukipata mkweli unalia zaidi. Vera macho yalikuwa yamemjaa machozi, na yeye si mtu wa kulia. Akamwambia, "Ojera, ni kipande kimoja." Ojera akamshika mkono, akasema atamweleza Baba Mkubwa mwenyewe, kwa utaratibu. Kumweleza Wangila! Ni heri uende ukamweleze jogoo.

Jumapili mchana Wangila akafika, koti la suti, kofia kichwani, tumbo mbele. Kabla hajaketi sawasawa akaanza kuisema Kampala. Waganda wanakula wadudu, akasema, ameona wanawake barabarani wanauza senene kwa vikombe, astaghafiru, watu wazima na akili zao. Nikamkumbusha kwamba yeye akiona kumbikumbi wametoka kwenye kichuguu hukimbia na sufuria kabla ya watoto.

"Kumbikumbi ni chakula," akasema. "Senene ni mdudu."

Nyani haoni kundule. Nikamvutia kiti, maana nilikuwa namhitaji.

Halafu akaingia Ojera na mama yake. Mama huyo anaitwa Alum, alistaafu jeshini akiwa koplo, na bado anaingia nyumbani kwa watu kama anakagua mabweni. Ojera hana baba; Alum ndiye aliyemlea peke yake kwenye nyumba za kambi. Alikuwa amebeba kifurushi cha majani ya ndizi kwa mikono miwili, amekiinua kifuani. Akakiweka mezani, karibu na pale jogoo wangu atakapokaa, akasema, "Mama Vera, sisi hapana kuja mikono mitupu."

Tukaomba. Vera akaleta jogoo, amepikwa akaiva, mchuzi mzito, na juu yake firigisi imekaa peke yake. Wangila akakohoa, akasimama, akatoa hotuba. Alisema mwanamume huonekana mezani. Alisema anayechagua chakula cha watu amewachagua na watu wenyewe. Alisema yeye, Wangila, katika maisha yake yote hajawahi kukataa chakula alichoandaliwa katika nyumba ya heshima, hata siku moja. Akamsogezea Ojera sahani.

Ojera akasimama pia.

"Baba, nashukuru sana. Naiheshimu nyumba hii, na Vera nampenda. Lakini mimi sili nyama. Kukudanganya ningeweza, ila sitaki tuanze hivyo."

Wangila akageuka kunitazama mimi, si yeye. "Anaumwa?"

"Haumwi," nikasema.

"Basi ameikataa nyumba ya kaka yangu."

"Hajaikataa nyumba, amekataa utumbo wa kuku!" Vera akasema, nikamkonyeza anyamaze.

Sasa Alum akafungua kifurushi chake. Ndani kulikuwa na ndezi, yule mnyama mkubwa wa porini, amekaushwa kwa moshi, amepikwa na simsim mpaka anang'aa, kichwa na meno yake ya mbele vyote vipo. Ameagizwa kutoka Gulu kwa ajili yetu. Kwao mgeni wa kawaida hapewi hicho.

"Wewe mzee umesema vizuri sana," Alum akamwambia Wangila. "Mimi napenda mtu hapana kukataa chakula. Huyu kijana yangu pia alinisumbua na hii maneno yake, mimi nilimpigia kelele mwaka mzima, nikachoka. Sasa wewe kula. Hii anyeri, nyama ya heshima."

Akamkatia kichwa, akamwekea kwenye sahani.

Wangila akakitazama kichwa. Kichwa nacho kikamtazama. Mimi nilikuwa nimebana meno ili nisicheke, na machozi yakanitoka upande mmoja.

"Hii ni... ni panya?"

"Hapana panya ya nyumba. Hii ya shamba. Inakula muhogo, inakula miwa, inakula vizuri kuliko wewe."

"Mama, mimi... kwa kweli..." Wangila akafuta uso kwa leso. "Mimi siwezi kula panya."

Alum akasukuma kiti nyuma. "Umekataa nyumba yangu?"

Hapo pakawa hapatoshi. Wangila anasema firigisi ni mila na panya ni panya. Alum anasema yeye amelala mahandakini na wanaume, hajaona mwoga wa chakula namna hii. Wangila akasema mtoto wa ndugu yake haendi kuolewa kwenye ukoo wa wala panya wenye mwana mla nyasi. Alum akasema basi twende, Ojera, chukua kifurushi. Na Ojera, yule mjinga mkweli, akasimama katikati, anawaomba wote wawili msamaha. Vera alikuwa ameketi ameshika ukingo wa meza. Hakulia. Alikuwa anaitazama ile firigisi, na mimi nikaona binti yangu anaelekea kukosa mume kwa ajili ya kitu kidogo kuliko kitumbua.

Ndipo mama yangu akanijia akilini.

Mama alipika kuku maisha yake yote. Alichinja, alinyonyoa, alikaanga, alipanga vipande kwa wanaume kwa vyeo vyao, akalamba mwiko, akafa bila kuonja kipande cha kuku. Kizazi chake mwanamke alikuwa hali kuku, basi. Na hakuna aliyemwita mgonjwa wala mwenye maringo. Hakuna aliyesema ameikataa nyumba. Walimsifu kwa adabu zake! Mwanamke akinyimwa nyama ni mila, mwanamume akijinyima ni tusi. Nilikuwa sijawahi kuliona hivyo, na nilipoliona damu ilinichemka.

Nikanyosha mkono, nikaichukua firigisi.

"Nafuna!" Wangila akapiga kelele. "Hiyo ni ya mkwe!"

"Mkwe hali."

"Basi hurudi kwa mwenye nyumba!"

"Mwenye nyumba ni nani, Wangila?"

Akafungua mdomo. Akatazama ukutani, picha ya kaka yake, akatazama meza, viti, jokofu, pazia. Vyote vimenunuliwa na mbavu za mbuzi nilizochoma kwa mikono hii.

Nikaitia kinywani. Nikatafuna mbele yao wote, polepole, macho yangu kwenye macho yake. Na niwaambie ukweli, enyi wanawake mliofichwa kitu hiki: ni kigumu kama soli ya kandambili, hakina lolote. Hicho ndicho walichokuwa wanatulindia! Nikameza. Halafu nikakata kipande cha ndezi wa Alum, nikala. Yule ndiye mtamu. Nikakata kingine.

"Firigisi imeliwa," nikasema. "Mwenye nyumba ameila, na mwenye nyumba amemkubali kijana. Anayetaka kuchukua kofia, ile pale."

Alum akapiga meza kwa kiganja. "Huyu mwanamke angekuwa meja," akasema, akarudi kukaa.

Wangila hakuchukua kofia. Aliichezea leso yake, na nilijua anachohesabu: akirudi Kimilili kusema amevunja uchumba, itabidi aseme kilichotokea kwa firigisi. Mwishowe akakohoa.

"Sawa," akasema kwa sauti ya chini. "Harusi iendelee. Nikifika nyumbani nitawaambia wazee kwamba mkwe aliila."

Vera akavuta pumzi, akaniangalia, macho yananiomba: Mama, kubali. Ojera akafungua mdomo, na Vera akamkanyaga mguu chini ya meza. Kila mtu pale alikuwa amepata alichokitaka. Nilipaswa kunyamaza tu. Lakini nikamwona mama na mwiko wake.

"Hapana," nikasema. "Utawaambia niliila mimi."

"Nafuna, watanicheka."

"Wakucheke. Binti wa marehemu anaolewa, na firigisi aliila mama yake. Useme hivyohivyo, au usiseme kitu, uende na kofia yako, na mimi nitamsindikiza mwanangu kanisani mwenyewe."

Vera akafumba macho. Nje, kwenye jiko la biashara, mtu alikuwa anaita anataka nyama ya kubeba, na sikumjibu. Wangila alinitazama, akaitazama ile sahani ambapo firigisi ilikuwa, nikaona uso wake umelegea, umekuwa wa mzee tu aliyechoka na safari.

"Hata mama yetu," akasema, "hakuwahi kuionja."

Kisha akakunja mikono ya koti, akainyosha mikono yake juu ya beseni la kunawia lililokuwa kando ya meza.

"Mkwe," akasema, "niletee maji ninawe."

Ojera akainua birika.