Tofali Halina Bega

Uliwaona. Usijitie hamnazo sasa. Pikapu ile nyeupe hupita mbele ya duka unaponunua mkate kila asubuhi, na nyuma yake wamesimama watu wazima walioshikana mashati kama watoto wanaocheza treni. Uliwaona, ukageuza shingo, ukamuuliza muuzaji kama mkate ni wa leo au wa jana. Mwaka ule walipodondoka wawili pale kwenye kona ulisema "masikini," ukapokea chenji yako. Wapo wasiosahau. Lakini hayo tuyaweke kiporo, usikie kwanza habari ya injini.

Dereva wa pikapu hiyo anaitwa Taratibu. Jina alilopewa na wazazi analo, ila pale kwenye kiwanda cha matofali hakuna anayelijua. Huendesha kama aliyepakia mayai, na sababu anayo: nyuma husimama mkewe. Mama Pacha ni mpangaji wa matofali kwenye tanuri, na wapangaji wote hupanda nyuma, kwa kuwa mbele ni mahali pa msimamizi na begi la msimamizi.

Bega la kushoto la Mama Pacha lilishawahi kuchomoka, siku gia ilipoingia kwa kishindo naye ameshika bomba la kujishikilia. Daktari akalirudisha, akamwambia likichomoka tena ni kupasuliwa, na matofali ayape mkono wa buriani. Tangu hapo Taratibu huendesha kwa masikio. Kioo cha nyuma hakifungi vizuri, kwa hiyo kila gia inapobadilika humletea majibu. Akisikia maongezi yanaendelea, gia imeingia vyema. Akisikia "yalaa," imeingia vibaya. Akisikia watu wanamtaja mama yake mzazi, huacha kukanyaga mafuta kabisa.

Basi siku moja tajiri mwenye kiwanda akapitwa mlimani na shemeji yake. Shemeji ana pikapu kama hiyo hiyo, rangi tu ndiyo tofauti. Alimpita, akampungia mkono. Mtu mwingine angekwenda nyumbani akala, akalala, yakaisha. Tajiri akaita fundi.

Fundi huyo wanamwita Waya, maana hashiki spana. Huja na laptopu na waya mmoja, akauchomeka chini ya usukani, akaifundisha injini inywe mafuta vipi na gia zibadilike vipi. Anazo seti tatu, na amezibatiza mwenyewe: Punda, Swala na Simba.

"Punda ni ya mzigo," Waya akaeleza, laptopu mapajani. "Gia zinaingia kimya kimya, hata chai haimwagiki. Swala ni ya katikati. Halafu kuna Simba." Hapo akashusha sauti kama mshenga.

"Hiyo Simba, gia inaingiaje?" Taratibu akauliza.

"Inapiga."

"Inampiga nani?"

"Ni lugha ya kazi hiyo, mzee."

"Weka Simba," tajiri akasema. "Mimi nitaonekanaje mjini na Punda?"

Wakakaa watatu mbele, wakapanda mlima. Kila gia ilipoingia viti viliwasukuma migongoni, na tajiri akawa anatabasamu kama anayekandwa. Taratibu alitega sikio kwenye kioo cha nyuma. Hakusikia kitu. Nyuma hapakuwa na mtu.

"Tajiri, hapa hatujajaribu," akasema. "Gari ni tupu. Mzigo haumo."

Waya, ambaye ni mtu wa haki katika mambo ya ufundi, akakubali. Wakarudi kiwandani, wakapakia mzigo. Matofali. Yakapangwa safu juu ya safu, yakabanwa hadi kidole hakipiti. Wakapanda mlima tena kwa Simba, wakashuka. Msimamizi akazunguka nyuma, akagusa safu moja moja, akarudi na taarifa.

"Hakuna hata moja lililopata ufa."

"Unaona?" tajiri akamwambia dereva wake.

"Naona. Lakini tofali halina bega."

"Ndiyo maana halilalamiki." Tajiri hakuwa anatania. Alikuwa anaeleza ubora wa matofali yake.

"Basi panda wewe nyuma, tajiri, tupande mlima mara moja tu. Aisifuye mvua imemnyea."

Tajiri akaitazama ile bodi yenye vumbi jekundu, akaitazama suruali yake. "Nina kikao," akasema.

Simba ikabaki. Wakati anakunja waya wake, fundi akamvuta Taratibu pembeni. "Mzee wangu, Punda iko humu humu. Ni kubonyeza tu, dakika haifiki. Ila mwenye gari ndiye yule." Kisha akaondoka, naye ni mtu mwema, ana watoto na heshima zake. Watu wema wa namna hiyo tunao wengi.

Jioni Mama Pacha alikuwa anamenya viazi, kiwiko cha kushoto amekiegemeza mezani.

"Wamechagua nini?"

"Simba."

"Huyo anakula nini?"

"Kesho usiende, Mama Pacha."

"Nisiende, halafu?" Akatupa ganda. "Baba Pacha, wewe unaona bega langu tu. Yule bibi mchota maji ana goti. Yule kijeba ana mgongo. Mimi nikibaki nyumbani, wao watabaki na nani?"

 Taratibu akachukua kisu cha pili, akamsaidia kumenya, vibaya.

Asubuhi watu wakapanda. "Shemeji," yule kijeba akamwita Taratibu kutoka nyuma, "tunasikia umefungiwa simba humo. Umeshamlisha?"

"Bado. Shikeni bomba."

Taratibu akaweka gia namba moja, akaifunga hapo hapo isibadilike. Hakuigusa tena. Injini ikalia kama ng'ombe aliyekanyagwa, na pikapu yenye nguvu kuliko ya shemeji wa tajiri ikaenda mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Baiskeli ya mkaa ikawapita. Mama mwenye ndoo kichwani akawapita pia, akapata nafasi ya kuwasalimia wote na kuulizia wagonjwa.

"Gari lina ubovu?" msimamizi akauliza, begi mapajani.

"Halijambo."

"Mbona haliendi?"

"Linaenda. Gia ndiyo imekaa."

Walifika jua liko utosini na tanuri limepoa. Tajiri alikuwa amesimama getini.

"Umenifanyia nini?"

"Nimekuletea watu, tajiri. Wote wana viungo vyao."

"Lete ufunguo."

Akampa. Wakati wa kurudi, tajiri mwenyewe akashika usukani, ili watu waone gari linavyoendeshwa. Taratibu, kwa kuwa si dereva tena, akapanda nyuma. Miaka yote ile hakuwahi kusimama pale. Gia ya pili ikaingia na bodi ikachomoka chini ya miguu yake kama mkeka uliovutwa. Bibi mchota maji akaanguka kwa goti lile lile. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, wanasema, na Taratibu alikuwa ameisikiliza adhabu hiyo kupitia kioo, akadhani anaijua. Akamkumbatia mkewe kiunoni, si mkononi. Ya tatu ikaingia. Mama Pacha akauma meno, bega likakaa.

Kisha mwenyewe akapiga paa la mbele kwa mkono wake mzima, ule wa kulia. Akapiga na kupiga, na wengine wakapiga, mpaka gari likasimama.

"Kuna nini?" tajiri akachungulia.

"Tunashuka," Mama Pacha akasema. "Weka Punda, tutapanda."

"Nani kakufundisha hayo ya Punda?"

"Mume wangu. Kwani ni siri?"

Akashuka, na Taratibu nyuma yake. Akashuka bibi, akishikwa. Akashuka kijeba. Wengine wakabaki juu wakitazama chini, wana kodi ya nyumba, na hakuna aliyewatukana. Pikapu ikaondoka nao. Waliobaki barabarani wakatembea hadi nyumbani, na njiani wakakubaliana jambo moja.

Ndiyo maana leo asubuhi wamesimama barabarani, mbele ya pikapu, Taratibu katikati na mkewe kulia kwake. Hawatukani mtu. Wanasema: ama iwekwe Punda, ama gari lisipite. Tajiri ameshatuma msimamizi mitaani atafute watu wengine wa kupanda nyuma, na huko ndiko kwenu. Atabisha hodi kwa kaka yako asiye na kazi. Atabisha kwako.

Mkatalie mlangoni. Umzuie na kaka yako. Kisha utoke. Wale walioko barabarani wanatosha kuonekana, hawatoshi kuzuia gari, na injini imeshawashwa. Nenda ukasimame nao. Sasa hivi.